Vidonge vya Shemeji

Fundi alikuwa na chumba kimoja cha mbele, cherehani moja na meza ndefu ya kukatia. Kazi iliyompa jina ni zipu. Zipu za suruali, za mabegi, na za gauni la harusi wakati bibi harusi ameongezeka kidogo. Mafundi wengine wakiona zipu imekwama husema, "Hii basi tena." Yeye alivaa miwani, akaivuta taratibu, akaitazama jino kwa jino. Mwishowe alisema, "Ni jino moja tu." Na mara nyingi ilikuwa kweli.

Zamani chumba hicho hakikuisha watu. Walioleta nguo walikaa. Wasioleta nguo walikaa zaidi. Mke wake alikuwa akiwauliza, "Nyie mnashonewa nini hapa, maneno?" Watu walicheka, wakaendelea kukaa.

Kisha mke akafariki. Binti yao akaolewa mbali. Baada ya hapo fundi akaanza kuchoka bila sababu. Fizi zilitoka damu kila alipopiga mswaki. Alipimwa, akaambiwa ana lukemia, yaani saratani ya damu.

Alilazwa kwa muda mrefu. Alipewa dawa kali kupitia mshipa, na nywele zote zikatoka. Ugonjwa ukarudi nyuma. Daktari akamruhusu kwenda nyumbani, akampa vidonge vya kumeza kila jioni ili ugonjwa usiamke tena. Vidonge hivyo vinaitwa merkaptopurini. Jina hilo lilimshinda. Yeye aliviita vya jioni.

Siku ya kuondoka aliambiwa, "Kinga yako bado ni ndogo. Jihadhari na watu wenye mafua na homa." Fundi akawaza, nitamjuaje mwenye mafua kabla hajapiga chafya? Akaona njia rahisi ni kukaa mbali na watu wote. Alifunga mlango, akatundika kikapu nje ya dirisha. Mwenye nguo aliitia kikapuni. Fundi aliichukua kwa ndani, akaishona, akairudisha palepale.

Baadhi ya watu wa mtaa walidhani amefunga kwa sababu ugonjwa wake unaambukiza. Hilo si kweli, na ni heri niliseme mapema. Lukemia haiambukizi. Haipiti kwenye mkono, kikombe wala nguo iliyoshonwa na mgonjwa. Lakini uvumi hauna breki. Watoto walikatazwa kucheza chini ya dirisha lake.

Kwa hiyo fundi alisikia hatua zikija, kikapu kikilia, na hatua zikiondoka. Hapakuwa na hodi. Jioni alimeza kidonge chake, akala kilichopo, akazima taa mapema. Siku nyingine aligundua kwamba tangu asubuhi hajatoa sauti. Alikohoa kidogo, ajisikie tu kwamba bado yupo.

Mtu mmoja hakujali mlango uliofungwa. Huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mke wake. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mwenye sauti kubwa, maana alizoea kusemea juu ya mvuke na makelele ya watoto. Akishaosha masufuria yake, alipita kwa fundi na supu kwenye chupa ya moto.

"Shemeji, bado hujafa?" aliuliza kutoka nje.

"Nakusubiri utangulie, unifagilie njia."

"Nikitangulia nani atakulisha? Fungua mlango, mikono yangu inaungua."

Alinawa mikono, akakaa, akasema yeye peke yake kama watu watano. Alipoondoka, chumba kilikuwa kimya kuliko kabla hajaja. Fundi aliipenda saa hiyo ya shemeji, akaichukia dakika ya kumfungulia atoke.

Siku moja shemeji alimkuta fundi ameweka mguu juu ya kiti. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa. Hata shuka likikigusa, aliuma meno.

"Siwezi kukanyaga cherehani," alisema.

Shemeji aliinama, akakitazama bila kukigusa. "Hilo ni jongo. Nalijua kuliko ninavyoijua chumvi. Mimi lilinishika nikawa natembea kama bata." Akafungua pochi, akatoa vidonge alivyovifunga kwenye karatasi. "Nimepewa hivi, nameza kila siku, na sasa naruka. Ninavyo vingi. Tugawane."

Katika familia ile dawa iligawanywa kama chumvi. Mtu akiumwa kichwa, aliulizwa jirani ana nini. Akiumwa tumbo, ilitafutwa chupa iliyobaki ya mtoto wa fulani. Ulikuwa ni upendo. Mtu aliyekunyima dawa yake alionekana mchoyo.

Fundi alisita. "Hospitali walinionya kuhusu dawa."

"Walikuonya kuhusu damu. Hiki ni kidole. Kidole na damu wapi na wapi?"

Fundi akacheka, akameza. Shemeji akafurahi sana, akaongeza muda wa kukaa. Nami nadhani siku ile fundi angemeza hata kifungo cha shati, ilimradi shemeji asisimame kuondoka.

Baada ya siku chache kidole kikapoa. Fundi akaendelea kumeza vyote viwili, vya jioni na vya shemeji. Alipokwenda kliniki, muuguzi alimuuliza, "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

"Hakuna," alijibu.

Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza alijiambia wazi: kidole si damu. Ya pili hakutaka hata kuifikiri. Akisema, ataulizwa nani amempa. Shemeji ataitwa, atakaripiwa, naye ana hasira za haraka na haya nyingi. Huenda asirudi tena. Na shemeji asiporudi, nani atabaki?

Wiki zilipita. Vidonda vikatokea mdomoni. Supu ikamchoma, akaacha kuinywa, lakini alimsubiri shemeji aondoke ndipo aimwage. Aligonga paja kwenye kona ya meza, pakatokea alama nyeusi kubwa kama sahani. Kupanda kitandani tu kulimfanya aheme. "Ni uzee," akasema.

Mchana mmoja akaanza kutetemeka. Mwili ulikuwa wa moto. Alimeza vidonge vya kutuliza homa, homa ikashuka, naye akarudi kwenye cherehani. Jioni ikapanda tena. Akameza tena. Simu ilikuwa mezani, karibu na mkasi. Alifikiri kumpigia shemeji. Kisha akafikiri, amesimama jikoni tangu alfajiri, nimwache apumzike. Akajifunika blanketi.

Kesho yake shemeji alifika, akakuta kikapu kimefurika nguo. Cherehani haisikiki. Aligonga, akaita, hakujibiwa. Akausukuma mlango kwa bega lake la mpishi, kitasa kikaachia. Fundi alikuwa sakafuni, macho wazi, midomo mikavu.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "sikutaka kukusumbua."

"Nyamaza!" Shemeji alikuwa analia huku akimvalisha viatu. "Nyamaza, mtu mjinga wewe!" Akatoka barabarani akasimamisha teksi kwa mikono miwili.

Hospitali walimpima damu upesi. Daktari alisema seli nyeupe, zile zinazolinda mwili, zilikuwa karibu kwisha, na maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu. Wakamtundikia dawa za kuua vijidudu, wakamwongezea damu. Walimweka chumba cha peke yake, mlango umefungwa. Shemeji alikuwa na kikohozi, kwa hiyo alisimama nje ya kioo. Fundi alimwona mdomo ukienda, asisikie kitu.

Siku ya tatu homa ilipungua. Mfamasia wa wodi akaingia. Alikuwa mwanamke mtulivu mwenye barakoa. Alivuta kiti karibu.

"Baba, unajua dawa yako ya jioni inafanya nini?"

"Inaua saratani."

"Inaiuaje?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Kila seli ya mwili ina maagizo yake ndani," mfamasia alisema. "Yako kwenye uzi mrefu sana, mwembamba sana, wenye pande mbili zinazoshikana. Seli ikitaka kuzaa seli nyingine, lazima ifungue uzi huo na kutengeneza mwingine kama huo."

"Pande mbili zinazoshikana," fundi alisema. "Kama zipu."

"Enhe! Kama zipu. Sasa, zipu ina meno. Seli inayatengeneza meno hayo moja moja na kuyapanga. Dawa yako imefanana na jino. Seli inadanganyika, inalichukua, inalipachika."

"Halafu zipu inakwama."

"Inakwama. Na dawa hiyo hiyo inaizuia seli isitengeneze meno ya kweli ya kutosha. Seli inashindwa kuzaana, inakufa."

Fundi alitazama dari. Kwa mara ya kwanza dawa ile ilikuwa kitu anachokifahamu. "Lakini mama, inajuaje kwamba hii ni seli ya saratani na hii ni yangu nzuri?"

"Haijui," mfamasia alisema. "Hapo ndipo penye hatari. Inazipata zaidi seli zinazozaana haraka. Za lukemia zinazaana ovyo, bila kupumzika, kwa hiyo zinaumia sana. Lakini ndani ya mifupa kuna uboho, kiwanda cha damu, nacho hakilali. Ngozi ya ndani ya mdomo na ya tumbo nayo hujifanya upya kila mara. Zote hizo zinaguswa. Seli nyeupe zikipungua, vijidudu vinaingia. Nyekundu zikipungua, unahema. Za kugandisha damu zikipungua, unapata alama nyeusi na kutoka damu. Hata ini linaweza kuchoka, macho yakawa ya njano."

"Basi mnanipa sumu."

"Tunakupa kipimo. Kinatosha kuubana ugonjwa, na kinauachia uboho nafasi ya kupumua. Ndiyo maana tunakupima damu kila unapokuja. Wengine wamezaliwa na mwili unaoivunja dawa hii polepole, hao tunawapa kidogo sana. Wewe ulikuwa unakwenda vizuri. Kipimo hakijabadilika, na damu imeporomoka ghafla." Akainama mbele. "Kuna kitu kimeingia katikati. Nisipokijua, nina njia mbili na zote mbaya. Nikirudisha dawa ileile, inaweza kukuua. Nikikunyima, saratani inaamka. Umemeza nini kingine, baba?"

Fundi aligeuka upande wa kioo. Shemeji alikuwa amefika. Alikuwa ameinua chupa ya supu, akimwonyesha kwa kidole: kunywa! Alikuwa amevaa kilemba chake cha jikoni. Mtu pekee aliyekuwa akimjia duniani alikuwa pale nje, na neno moja lingeweza kumwondoa.

"Nikikuambia," alisema, "utamgombeza aliyenipa?"

"Simgombezi mtu."

"Ni yule pale. Alinipa vidonge vyake vya jongo. Kidole kilikuwa kinaniuma." Machozi yakamtoka bila yeye kutaka. "Niliulizwa kliniki nikasema hakuna. Niliogopa asije tena. Mama, sina mtu mwingine."

Mfamasia aligeuka akamtazama shemeji kupitia kioo. Kisha akasema, "Basi vidonge hivyo ni alopurinoli. Nilikuwa nahisi." Akaeleza polepole. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoivunja dawa ya jioni ili isilundikane. Alopurinoli inakifunga mikono kimeng'enya hicho. Kwa hiyo kidonge kimoja cha jioni kinakuwa kama vidonge vitatu au vinne, kila siku, juu ya vilivyobaki vya jana.

"Kwa hiyo vya shemeji ni vibaya?"

"Si vibaya. Kwake ni dawa nzuri. Hata mgonjwa wa lukemia daktari anaweza kumpa zote mbili, lakini anapunguza sana kipimo cha hii ya jioni na kumpima damu mara kwa mara. Kibaya ni kuchanganya bila sisi kujua."

Mfamasia akatoka. Fundi aliwaona kupitia kioo wakizungumza. Aliona shemeji akifungua pochi na kutoa ile karatasi. Aliona mkono wake ukifunika mdomo. Kisha shemeji aliweka chupa ya supu chini, akaondoka bila kumtazama.

Kesho hakuja. Keshokutwa hakuja. Fundi alihesabu watu wanaopita kiooni, na kila kilemba kilimfanya ainue kichwa. Damu yake ilikuwa inapanda na madaktari walifurahi. Yeye alilala akitazama ukuta. Alikuwa amesema ukweli, ukweli umemponya, na sasa hakujua amepona kwa ajili ya nani.

Siku ya kuruhusiwa mfamasia alimletea vidonge vyake. Daktari alikuwa ameanza na kipimo kidogo. "Kidole chako tumekipima. Ni jongo kweli, na tutalitibu kwa njia nyingine."

"Kumbe alijua."

"Alijua ugonjwa. Hakujua dawa yako. Sasa nisikilize. Vidonge hivi meza saa ileile kila jioni. Ukisahau, usimeze viwili kesho. Ukijisikia mzima, usiache. Asivishike mtu mwingine kwa mkono mtupu, na wewe nawa ukishavishika. Dawa yoyote mpya, hata ya mitishamba, hata ya kidole, tuulize kwanza."

"Na homa?"

"Homa kwako si jambo la kujifunika blanketi. Ikifika thelathini na nane, au ukianza kutetemeka, njoo saa hiyohiyo. Usimeze cha kuishusha kwanza. Kinaficha moto, nyumba inaendelea kuungua. Na uwe na mtu mmoja anayejua haya yote, wa kumpigia."

"Watu nimewafungia mlango."

"Nani alikwambia?" Mfamasia alishangaa. "Mwenye mafua arudi akipona. Wengine wanawe mikono wakae. Mimi nimeandika dawa nyingi, baba, lakini upweke sijamwandikia mtu."

Nyumbani palikuwa na harufu ya vumbi. Fundi alifungua mlango na dirisha. Akakitoa kikapu, akakiweka stoo. Mchana ule mtu wa kwanza alisimama nje na suruali mkononi, hajui aiweke wapi. "Ingia," fundi akamwambia, "nawa pale, ukae." Yule mtu akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa serikali. Lakini alikaa.

Kisha fundi akachukua fimbo, akaenda shuleni. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha. Shemeji alikuwa ameinamia sufuria kubwa, anasugua.

"Shemeji, bado hujafa?" fundi aliuliza mlangoni.

Hakugeuka. Mkono wake ulisimama. "Nilikulisha sumu," alisema. "Dada yangu aliniachia mtu mmoja wa kumtunza, nikamlisha sumu kwa mkono wangu. Nije kufanya nini tena kwako?"

"Ulinipa dawa yako. Mimi ndiye niliyeulizwa nikasema hakuna."

"Kwa nini ulisema hakuna?"

"Niliogopa hutakuja tena."

Shemeji aligeuka. Uso ulikuwa na masizi na machozi. "Ona sasa. Umesema, na sikuja."

"Ndiyo maana nimekuja mimi." Fundi alishika fremu ya mlango, miguu haikuwa na nguvu bado. "Wanataka niwe na mtu. Mtu wa kumpigia homa ikinishika. Sina mwingine, lakini hata ningekuwa nao mia, ningekuja kwako."

Shemeji alijifuta uso kwa aproni, akazidi kujipaka masizi. Akamletea kigoda. "Kaa kabla hujaniangukia. Nifundishe. Homa ni kuanzia ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Nakupa kitu cha kuishusha?"

"Hapana. Hospitali kwanza."

"Na vidonge vyangu?"

"Vyako."

"Vyangu," alisema shemeji. "Na mtu wa mtaa huu akija kuniomba, namwonyesha njia ya kliniki."

Miezi ilipita. Damu ya fundi ilipimwa, na kipimo cha dawa kikarekebishwa. Chumba kikawa tena na wasioshonewa kitu. Halafu siku moja, kabla ya saa sita mchana, alihisi baridi mgongoni. Kipimajoto kikasema thelathini na nane na nusu. Alishika simu, akasita. Ilikuwa saa ya shemeji ya moto mkali, watoto wote wa shule wakisubiri na sahani. Akapiga.

Shemeji hakusema halo. "Joto ngapi?"

"Thelathini na nane na nusu."

"Umemeza kitu?"

"Sijameza."

"Kaa mlangoni. Nakuja na teksi."

Kabla watoto hawajamaliza kula, dawa ilikuwa tayari inaingia mshipani. Daktari alisoma majibu akasema maambukizi ni madogo, na wamefika mapema. Vidonge vya jioni vitasimama siku chache, kisha vitaendelea.

Shemeji alikuwa amekaa kando ya kitanda na aproni yake, anavua viatu, ananuka moshi.

"Nimekutoa kazini," fundi alisema. "Nisamehe, shemeji."

"Usiniombe msamaha," alisema shemeji, akamfunika miguu. "Wewe piga tu. Kila mara, piga."